Mkuku wa Mvule na Pua Yangu

Shule niliishia darasa la tatu, na habari za mvule sikufundishwa na mtu aliyesoma. Mvule ni mti wa ziwa ingawa hauoti majini. Maji hayauozeshi upesi, mchwa anaupita bila kuugusa, na ukishakauka haujipindi ovyo. Ndiyo maana mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba mtumbwi mzima, kwangu ni mvule tu.

Mafundi wengine huutambua kwa rangi. Mimi naupima kwa pua. Vumbi la mvule linaniwasha tangu ujana. Nikikwangua kidogo nikapiga chafya tatu, nanunua. Wauza mbao wa Igoma wananijua, wananicheka, lakini hakuna aliyewahi kuniuzia mti wa uongo.

Mwaka huu nilikwenda kununua mkuku wa mtumbwi wa shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu, anayeishi kwa dagaa. Nilikuwa na mafua. Nilipiga chafya tangu nyumbani, nikapiga kwenye bajaji, nikapiga mbele ya ule mti, nikasema, "Huu huu, pakieni."

Wiki iliyofuata mafua yakaisha. Nikaupiga randa asubuhi nzima. Pua kimya. Nikainama nikavuta kama mtu wa ugoro. Kimya. Rangi yake ilikuwa ya manjano, na mvule mbichi kweli huwa hivyo, ila miti ya manjano iko mingi.

Siku mbili sikuugusa tena. Ningeweza kunyamaza nikapaka rangi, nani angejua? Lakini watu sita wangekaa juu ya mti huo katikati ya ziwa, na mkuku ukioza, unaoza chini ambako hakuna anayeangalia. Nikamwita shemeji karakanani.

"Huenda si mvule," nikamwambia.

"Si ulinusa?"

"Nilikuwa na mafua."

Akanitazama. "Kwa hiyo niwapeleke watu ziwani juu ya mafua yako, shemeji?"

"Ndiyo maana nimekuita."

"Majivuno yote yale, kumbe fundi ni pua, wewe unaisindikiza tu. Haya, kata tuone ndani."

Mti ulikuwa umezidi urefu kama hatua moja. Nikaanza kukata ile ziada kwa msumeno wa mkono. Katikati msumeno ukalia kama umekuta chuma, ukakwama. Nikauchomoa, meno manne hayapo. Nikapasua kile kipande kwa shoka. Ndani ya nyama ya mti palikuwa na jiwe jeupe kama chaki, ukubwa wa yai la kuku.

Nikakaa chini. Katika miti yote niliyopasua, ni mvule tu niliokuta unafuga jiwe tumboni. Miaka yote nimelilaani jiwe hilo. Siku hiyo nililifuta kwa shati. Ndipo akili ikarudi: mti ulikuwa bado mbichi, randa ilitoa maranda yenye unyevu, vumbi halikuwepo. Pua ingewashwa na nini? Jambo dogo kabisa, na hofu ilikuwa imenisahaulisha.

"Sasa?" shemeji akauliza.

"Mvule. Tena mkaidi."

Tukaita majirani wanne, tukaupandisha juu ya magogo kivulini ukauke taratibu. Shemeji akaukalia, akavua viatu, akaanza kunieleza anataka mtumbwi upakwe rangi gani. Kwa kawaida rangi nachagua mimi. Nikamwacha aseme.