Kompyuta ya Kombani

Kompyuta ya kikundi chetu cha vijana pale Kombani ilifika kabla ya umeme, na umeme wenyewe tulikuwa tukiahidiwa kila uchaguzi. Tuliachiwa na mtalii mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Tuliifunika kwa leso ya mama yangu, na hapakuwa na aliyeingia chumba kile na viatu. Mwalimu wetu, karani wa hoteli aliyetoka bara, alisema herufi ni zilezile, iwake isiwake. Kila Jumamosi alitusomea barua, nasi tukaipiga kwenye vitufe mbele ya kioo cheusi. Ukikosea, rula ilikushukia vidoleni. Mwanzoni nilikosea sana, kisha nikaacha.

Ndipo hoteli moja ya Diani ikatafuta msichana wa kuandika barua. Niliitaka kazi ile mpaka chakula kikanishinda. Nikiikosa, ningerudi kuchunga mbuzi wa baba, na mbuzi wale walikwisha kunizoea kupita kiasi.

Nilivua viatu mlangoni pa ofisi, nikaingia peku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu meneja, mama wa bara, akiitazama miguu yangu. Akanipa karatasi. "Keti hapo, utype hii letter. Narudi."

Nikaipiga barua yote, nikakunja mikono, nikangoja sifa.

Aliporudi akauliza, "Sasa letter iko wapi?"

"Nimeshaimaliza, mama."

"Wewe msichana, hii mashine hata haijawashwa!"

Akabonyeza kitufe. Sanduku likanguruma, kioo kikawaka, nami nikaruka nyuma, nikamwambia tutoke, inaungua. Alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Akanifungulia ukurasa mtupu, akasema nianze upya. Nikapiga herufi moja, ikajitokeza kiooni. Nikaitazama. Nikapiga ya pili, nayo hiyo! Miaka miwili nilikuwa nikizipiga, sijapata kuiona hata moja. Vidole vikafa ganzi.

"Mama, tafadhali," nikasema, karibu nilie, "una kitambaa?"

Akanipa taulo. Nikafunika kioo, nikaipiga barua nzima bila kupumzika. Alipokifunua, alisoma mara mbili, hakuona kosa.

"Utaanza Monday," akasema. "Na ukuje na viatu."

Jumamosi wenzangu wakanizunguka pale kikundini. "Haya, mwenzetu, hebu tuambie. Ikiwaka inakuwaje?"

"Inasumbua," nikawajibu.