Aliyepiga Teke Ndoo

Mtaani walimwita Mama Kizungu, naye jina hilo alilipokea kama mtu anayepokea haki yake. Alikuwa amefagia ofisi za wageni kutoka Uingereza miaka mingi. Ngazini mle maneno yalianguka kama vumbi, naye alivizoa vyote viwili. Ujumbe wa Kiingereza ukifika mtaani, msomaji alikuwa yeye. Mtoto wa jirani aliwahi kuandika kutoka ng'ambo kwamba mtihani ulikuwa kipande cha keki. Mama Kizungu alifasiri neno kwa neno, kwa sauti ya hakimu, na jirani akarudi kwake analia: mwanawe kasoma mwaka mzima, mwisho wamempa keki.

Asubuhi moja alikuta mlango wa mhasibu umefungwa. Mhasibu alikuwa mgeni mzee, mtu pekee katika jengo lile aliyemsalimia kabla hajasalimiwa. Wageni wawili wakapita wakinong'onezana kwa Kiingereza kwamba jana jioni, masikini, mzee kapiga teke ndoo, na mazishi ni kesho kutwa. Kila neno alilijua. Ndoo yenyewe aliijua zaidi, maana jana jioni aliiacha ngazini imejaa maji, akaenda kupiga soga na mlinzi.

Akakimbilia ngazini, akiamini mzee kajikwaa hapo akaanguka. Akatazama ubavu wa ndoo: ulikuwa umebonyea. Ulibonyea tangu zamani, lakini siku hiyo alama ilionekana mpya.

Angeweza kuuliza. Lakini Mama Kizungu amuulize nani Kiingereza? Kutwa nzima alipima, aonekane mjinga au aitwe muuaji, na ajabu ya binadamu, mizani ilichelewa kuegemea upande.

Nyumbani chakula kilimshinda, akalia. Mumewe, fundi viatu asiye na maneno mengi, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia akaseme, kwani kifo hakifunikwi kwa tambara la kupigia deki.

Kesho yake aliibeba ndoo hadi kwa katibu muhtasi, binti wa rika la mwanawe, akaitua juu ya zulia.

"Mwanangu, ita polisi. Ndoo ndiyo hii."

"Ndoo gani, mama?"

"Aliyoipiga teke mzee."

Binti aliuma mdomo asicheke. Kisha akamweleza taratibu kwamba mzee alifia kitandani kwake, kwa ugonjwa wa moyo, na kwamba Waingereza wakisema mtu kapiga teke ndoo, wanasema kafa tu.

"Hata aliyefia kitandani?"

"Hata yeye."

"Sasa ndoo anaitoa wapi?"

"Na sisi tukisema mtu kakata kamba, kamba anaitoa wapi?"

Mama Kizungu akaiinua ndoo kutoka kwenye zulia. Kwao kamba, kwa wenzao ndoo. Kumbe kisima ni kimoja. Hapo ndipo alipolia. Machozi ya jana alikuwa amejililia mwenyewe. Haya yalikuwa ya mzee na salamu zake.

Habari ilifika mtaani kabla yake. Jioni watoto walikuwa tayari wanamwita Mama Ndoo. Jirani alikuja akaketi kizingitini, akazungukazunguka kwa maneno, mwishowe akauliza:

"Shoga, na ile keki ya mwanangu?"

Mama Ndoo alifikiri sana, kwa mara ya kwanza tangu aanze kufasiri.

"Usilie tena," alisema. "Nadhani alifaulu kwa urahisi."