Kigelegele cha Genkuru

Fundi wa mtandao hapa Genkuru hawezi kukaa mikono mitupu. Akiamkia wazee, vidole vinasokota unyasi. Akisubiri chai kibandani kwa Mama Nchagwa, anazipanga njiti za kiberiti kama anavyopanga nyaya zake ndogo za rangi, kisha anazivuruga na kuanza upya. Huongea polepole, kama mtu anayesikiliza kwanza kama sauti imefika. Kila akitoka Mwanza kufanya ule mtihani wa cheti cha juu cha mitandao ya kompyuta, Mama Nchagwa humuuliza, "Vipi safari hii, mwanangu?" Naye hujibu, "Mtandao umenishinda tena, mama." Mama humwongezea chai. "Hata huku simu hazishiki. Pole sana." Fundi hajawahi kumsahihisha. Pole ni pole, na chumbani kwake hamna wa kumpa nyingine.

Jana fundi alirudi kutoka Mwanza, mikono imetulia mezani, njiti hazijaguswa. "Shikamoo, mama. Mtandao nimeupata!" "Marahaba. Weee!" Mama Nchagwa akachomoa simu kwenye pindo la kanga, akaiinua juu ya sufuria, akaikodolea macho. "Mbona yangu bado?" Fundi akaichukua ile simu, akapanda nayo kichuguu kilicho nyuma ya kibanda, akanyoosha mkono mpaka bega likamuuma. "Umeshika, mama," akasema. Hapo ndipo Mama Nchagwa alipopiga kigelegele.