Samli Kabla ya Hina

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, siku mbili kabla ya ndoa yangu, nilipoulizwa swali dogo nikajibu uongo mdogo.

Kwetu Kimali sisi ni watu wa ng'ombe. Hina hatukuijua. Bi harusi wetu alipakwa samli mpaka ang'ae, basi, amependeza. Lakini mimi nilikuwa naolewa Lamadi, kwa Waislamu wauza samaki, na mawifi walishatuma neno kwamba wataangalia viganja. Hina ikikolea, mama mkwe atanipenda. Ikipauka, nimeingia na mkosi. Maneno ya mawifi tu hayo, lakini ukiwa na miaka kumi na tisa unayaogopa kuliko fisi.

Harusi ilikuwa Bariadi mjini, nyumbani kwa baba mdogo. Akaitwa Bi Mwanaidi, mama mtu mzima aliyekuwa akipamba maharusi wa pale. Alitwanga majani makavu mwenyewe, akachekecha kwa kitambaa chepesi, akakanda kwa maji ya ndimu na chai ya rangi, sukari kidogo ili ishike. Akafunika bakuli, akangoja mpaka rangi ianze kujitokeza juu. Hakuwa na haraka yule mama. Ndipo akanishika mkono, akauliza kama nimepaka mafuta yoyote. Nikasema hapana.

Na asubuhi ile ile sengi wangu, dada yake baba, alikuwa amenipaka samli mpaka kwenye kucha, huku machozi ya furaha yakimtoka. Ningemkatazaje? Na kumwambia mama wa mjini kwamba sisi tunajipaka mafuta ya ng'ombe, niliona haya. Nilikuwa nimenawa kwa maji matupu. Mwanangu, samli haiondoki kwa maji matupu.

Ijumaa nikaibandua hina. Rangi ya karoti, tena madoa madoa, vidole vingine kama havikuguswa. Bi Mwanaidi alikuwa ameniambia nisiguse maji, kwamba hina huanza na rangi ya chungwa kisha inaiva yenyewe siku ya pili, ya tatu. Hilo ni kweli. Lakini palipokuwa na samli hapakuwa na cha kuiva, na hilo nililijua peke yangu. Kila mara natoka nje kutazama viganja juani, narudi ndani, natoka tena.

Kulwa, rafiki yangu, ndiye aliyenimaliza.

“Shoga, mawifi wakiviona hivyo viganja watakurudisha Kimali ukachunge.”

Nikamwambia nimeambiwa nisubiri.

“Ngoja ngoja huumiza matumbo. Twende kwa Masanja.”

Masanja alikuwa na duka sokoni. Namtaja, na akitaka aje tuongee. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, maduka yalijaa ghafla vitu tusivyovijua, na kila kilichotoka nje sisi tulikiona bora. Akatupimia unga mweusi kutoka kwenye kopo lisilo na maandishi. Piko, akasema, hina ya kisasa, saa moja tu. Nilipouliza imetengenezwa na nini, akanicheka: “Mbona wenzio hawaulizi, dada?”

Kweli, saa moja tu. Mikono ikawa myeusi kama chungu, nikacheza. Jioni ikaanza kuwasha. Jumamosi alfajiri malengelenge yamepanda mpaka karibu na kiwiko na vidole havikunjiki.

Bi Mwanaidi alipokuja kuniangalia nikamwambia yote, samli na piko, nikilia. Hakufoka. Akasema: “Ungeniambia samli, ningekuosha kwa sabuni nikupake upya. Aibu ile ilikuwa ya kunawa, mwanangu. Hii sasa ni ya kutibu.”

Niliolewa nimefungwa vitambaa mikononi, mawifi wakinong'ona kwamba nimeletwa nikiwa na ugonjwa wa ngozi. Rangi hakuna aliyeiuliza. Kulwa alicheza ngoma mpaka mwisho, na Masanja alisema ngozi yangu ndiyo mbovu. Makovu ninayo, na mpaka leo dawa ya kutia nywele weusi, ndiyo ile ile ya piko, ikinigusa tu, navimba.

Nimewataja hao wawili. Wa tatu mwenye kosa ni mimi, maana mficha uchi hazai, nami nilimficha ukweli yule aliyekuja kunisaidia.

Basi nawe ukiwa bi harusi, nawa kwa sabuni, kausha, usipake mafuta kabla. Samli ije baada ya kubandua. Pakwa siku mbili tatu kabla ya shughuli, uiache ilale, uikwangue bila maji. Ukiona rangi ya chungwa, tulia. Anayekushika mkono akikuuliza, mwambie ukweli hata kama unakuvua nguo. Na asiyejua anachouza kimetoka wapi, mwachie kopo lake.

Mungu akupe mikono mizima, mwanangu, na mama mkwe atakayekutazama usoni kabla ya viganjani.