Siku Mama Aliposahihisha Kibao cha Ibra

Mwalimu aliyemsomesha mama yangu Unguja alikuwa mwanamke aliyezaliwa Ibra, Oman, katika mtaa wa kale wa nyumba za udongo, akaondoka huko kwenda Unguja akiwa na miaka kumi na moja. Kule visiwani akawa mwalimu wa wasichana, akajulikana kwa jambo moja: alipigania haki ya kila mtoto kusoma, awe wa nani. Uzeeni alirudi Oman, akafia hapa. Mwaka juzi wajukuu zake waliitengeneza upya nyumba aliyozaliwa wakaifungua kwa wageni. Mama alipopata habari hizo sikupumua tena. Kila nikimpigia simu: "Lini utanipeleka?"

Tulitoka Sur, ambako mama anaishi tangu alipohamia Oman, Jumamosi asubuhi. Mama ameshapita sabini, goti linamsumbua, lakini siku hiyo alinitangulia garini. Tulipofika Bidiya nikataka tusimame tunywe chai ya maziwa. Akakataa kushuka. "Tutachelewa skuli," akasema, kisha akacheka mwenyewe.

Gari haliingii katika vichochoro vya mtaa ule, kwa hivyo tulikwenda kwa miguu, yeye kanishika mkono. Kuta nyingi zimeanguka, mitende imeota ndani ya vyumba vya watu. Halafu ghafla unakutana na nyumba moja imesimama wima, udongo wake mpya bado unaonesha majani makavu uliochanganywa nayo.

Mlangoni alitupokea mjukuu wa mwalimu, msichana anayesoma chuo Nizwa.

"Shikamoo bibi. Karibu. Kiswahili yangu kidogo, samahani."

"Marahaba, mwanangu. Hicho hicho kinatosha."

Alituonesha chumba mwalimu alimofundishwa Kurani na baba yake, na dirisha dogo linalotazama mfereji wa falaji, ambako wanawake wa mtaa walikuwa wakichota maji. Mama aligusa kila kitu kwa ncha za vidole. Katika chumba cha mwisho kulikuwa na kibao kirefu cha Kiarabu kinachoeleza maisha ya mwalimu. Mama hasomi Kiarabu vizuri, nikawa namfasiria mstari kwa mstari. Nilipofika pale palipoandikwa kwamba mwalimu aliwafundisha watoto wa maskini, akanizuia.

"Maskini? Nani maskini?"

"Ndivyo walivyoandika, mama."

Akamgeukia yule msichana. "Kaa, mwanangu, nikuhadithie. Mimi nilikuwa na miaka minane. Mama yangu alikuwa mpishi katika nyumba kubwa ya mjini. Siku hiyo nimekaa juu ya mbuzi, nakuna nazi. Bibi yako kaja kutembelea, kaingia mpaka jikoni. Akauliza, 'Huyu mbona hayuko skuli?' Mwenye nyumba akamjibu, 'Huyo mtoto wa mpishi.' Bibi yako akasema, 'Sikuuliza ni wa nani. Kesho nimkute darasani.' 'Na nazi atakuna nani?' Akamwambia, 'Mikono unayo.'"

Msichana alicheka, akaziba mdomo. Mama hakucheka.

"Nikaenda. Wiki ile ile wazazi wakaanza kuwatoa binti zao. Walisema hawatakaa dawati moja na mjukuu wa watumwa. Darasa likabaki watu sita. Jamaa za bibi yako wenyewe wakaacha kumwalika harusini. Yeye kila asubuhi anaingia, anatusalimu, anaandika ubaoni kana kwamba chumba kimejaa. Mwaka mzima. Halafu mmoja mmoja wakarudi. Basi hatukuwa watoto wa maskini. Tulikuwa wajukuu wa watumwa. Andikeni hivyo."

Huku Sharqiya, mkoa wetu, neno lile la watumwa halisemwi mbele za watu, hata sisi nyumbani tulikuwa hatulisemi. Nikamvuta mama kidogo shungi alilojitanda, nikamnong'oneza, "Mama, yatosha."

"Yatosha nini? Mwalimu hakunionea haya. Mimi nijionee haya kwa nini?"

Msichana akatoka. Nilidhani tumemuudhi. Kumbe alikwenda kumwita baba yake, mtoto wa mwalimu, aliyekuwa shambani akishughulikia mitende. Alikuja na vumbi miguuni, mzee wa ndevu nyeupe, akasimama mbele ya mama akamtazama.

"Shikamoo, dada. Wewe ndiye yule wa nazi?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Mama alikuwa akikutaja mpaka siku zake za mwisho. Alituambia mtoto huyo alikuja kuwa muuguzi, kazalisha nusu ya Sur."

"Si nusu," mama akasema. "Lakini wengi."

Yule mzee akainama akambusu mama kichwani, kama wanavyofanya watu wa huku kwa mkubwa wao. Kisha akamwambia binti yake, kwa Kiarabu, kibao kibandukwe, kiandikwe upya vile mama yangu alivyosema, bila kupunguza neno. Mimi niliyekuwa nikimvuta shungi nikajikuta nalia, na nilijiona mrefu kuliko kuta zile.

Tulilazimishwa kula chakula cha mchana. Mama na yule mzee walizungumza Kiswahili cha Unguja mjini mpaka alasiri, maneno mengine hata mimi siyajui, na yule msichana kakaa katikati yao akiyaandika kwenye simu yake.

Baada ya mwezi akatutumia picha ya kibao kipya. Nilikuwa kazini, ofisi ya serikali Mudhaibi. Wenzangu wa meza za jirani wakauliza ni picha ya nini. Nimefanya nao kazi miaka tisa na sijawahi kuwaeleza asili yetu. Nikasogeza simu katikati ya meza, nikawasomea kibao chote, na nilipofika kwenye mstari ule nikawaambia, "Huyu mjukuu wa watumwa ni mama yangu."

Mmoja wao akasogeza kiti chake karibu, akaomba nimsomee tena tangu mwanzo.