Firigisi ya Mwenye Nyumba

Dada yangu Mahfoudha, Mwenyezi Mungu amrehemu, tumemzika mwezi uliopita. Siku za msiba nyumba ilijaa watu wakieleza wema wake. Walitaja sadaka zake, wakataja watoto wao aliowasomesha Qur'ani bila kutaka chochote. Hakuna aliyemtaja bata mzinga. Waliokuwapo siku ile wengi wao wametangulia mbele ya haki, na mimi nikinyamaza hadithi itakwenda nao. Kwa hiyo naiandika.

Ilikuwa Idi ndogo ya mwaka 1970, na hatukuwa tumekaa sana Muscat. Nchi ilikuwa imefungua milango, na sisi tuliotoka Unguja tukatangatanga Mombasa na Dubai tukawa tunarudi kwa watu wetu, ambao wengine hatukuwajua hata kwa sura. Dada alikuwa mjane. Mumewe, Bakhit, alifia Dubai, na eda aliimaliza huko huko. Alikuwa na binti mmoja tu, Kheiria. Tulipanga nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Hamriya, dada akawa anashona nguo za watu kwa cherehani tuliyokuja nayo, na Kheiria akaandikishwa katika skuli ya wasichana iliyokuwa ndiyo kwanza inafunguliwa. Angeanza Idi ikimalizika.

Hapo ndipo alipojitokeza Sleyum, kaka wa marehemu Bakhit. Alikuwa na shamba la mitende Amerat, ng'ambo ya milima, akatuma watu waje waseme kwamba mjane wa ndugu yake hawezi kukaa peke yake mjini kama asiye na jamaa. Siku ya pili ya Idi angekuja na wazee wawili, wale chakula cha mchana, kisha atuchukue sote twende kwake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akitimiza wajibu wake kama alivyoufahamu. Lakini Amerat wakati ule mtoto wa kike hakuwa na pa kusoma, na Kheiria alikuwa keshajifunza njia ya kwenda skuli kabla hata haijamfungulia mlango.

"Siwezi kumkatalia kwa maneno," dada aliniambia. "Nikisema hapana, nimemvunjia heshima mbele ya wazee wake. Lakini akija akakuta nyumba ina mwenyewe, na kakirimiwa ipasavyo, atanichukuaje?"

"Na utamkirimu kwa nini? Mbuzi anao zizi zima."

"Ndiyo maana simpi mbuzi."

Jirani yetu Thabit alikuwa dereva kwenye kambi ya wazungu wa mafuta, ambao walifuga bata mzinga kwa ajili ya sikukuu yao. Thabit akapewa mmoja, akamleta mtaani akiwa hai, na bata huyo akawa anafukuza watoto kutoka mlango hadi mlango. Mke wa Thabit, Rahila, alimchoka mnyama huyo siku ile ile. Dada akamshonea Rahila kanzu ya Idi, na bata mzinga akahamia kwetu.

Mama yetu Unguja alikuwa akimpika bata mzinga siku za Idi, akamkata huko huko jikoni: paja la mgeni, kidari cha wazee, mabawa ya watoto, na firigisi ya mwenye nyumba. Firigisi hiyo haikuguswa na mwengine, hata baba akichelewa kurudi. Dada akamweleza Rahila kwamba ndivyo atakavyofanya. Rahila, ambaye alizaliwa Muscat kwa mama wa Unguja na alizijua desturi za pande zote mbili, akaweka kikombe chake cha kahawa chini.

"Shoga, usithubutu. Hapa nyama ikija vipande vipande, wageni watajiuliza nani katangulia kula. Mnyama anakaa mzima juu ya wali, na mkubwa wao ndiye anayembomoa kwa mkono."

"Bata mzinga abomolewe kwa mkono? Mifupa ile? Atavunjika vidole shemegi yangu."

"Basi avunjike, lakini aletewe mzima."

Nilicheka, dada hakucheka. Nilimwona anaangalia viganja vyake, anavigeuza.

Siku yenyewe Thabit alimchinja baada ya alfajiri. Tulimnyonyoa, tukamchemsha kwa tangawizi, thomu na ndimu, kisha tukampaka samli na kumpalia makaa juu na chini mpaka ngozi ikawa nyekundu inang'aa. Harufu ilitoka nje ikaita majirani. Adhuhuri ilikuwa inakaribia, na mimi nilikuwa nishapanga wali kwenye sinia, dada alipochukua kisu chembamba cha samaki akasema, "Nasriya, mshike asitikisike."

Alipitisha ncha ya kisu kwenye kila kiungo, kwa ndani, ngozi ikabaki nzima kwa juu. Kidari alikitenga na mfupa upande mmoja, akakikata vipande vyembamba, akavirudisha palepale kimoja baada ya kimoja, kama mtu anayepanga kurasa za kitabu. Akafanya na upande wa pili. Kisha akamwagia rojo la tungule na samli, mikato yote ikapotea. Yule bata mzinga alikaa juu ya wali kama mfalme, na hakuwa na kiungo hata kimoja kilichoshikana na mwenzake.

"Dada, huku si kudanganya?"

"Kilichopungua ni nini? Nimemrahisishia mgeni wangu, basi." Akatoa firigisi, akaitia kwenye kibakuli, akaifunika.

"Na hiyo?"

"Hiyo haiendi huko."

"Ataiuliza."

"Lazima ataiuliza. Kakulia Malindi ya Unguja, yule."

Wageni waliingia kutoka msikitini, na Thabit akakaa nao kwa niaba yetu. Sisi na Rahila tulikuwa chumba cha nyuma, pazia katikati. Tulimsikia Sleyum akikunja mikono ya kanzu yake, akipumua kama mtu anayekwenda kunyanyua gunia. Akasema bismillahi.

"La ilaha illa Llah," alisema. "Nimemgusa tu, kajigawa mwenyewe."

Wazee wakacheka. Mmoja akamwambia, "Nguvu hizo, Sleyum, ulikuwa umezificha wapi siku zote?" Tukasikia paja likitua upande wa huyu, kidari upande wa yule, na sauti ya Sleyum imepanda kwa furaha, anagawa kama bwana harusi. Rahila alijiziba mdomo kwa leso. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua firigisi bado haijaulizwa.

"Shemegi," aliita, "nimelizunguka sinia lote. Firigisi iko wapi?"

Dada alisogea karibu na pazia. "Iko huku, shemegi."

"Huko kwa wanawake? Unguja uliondoka lini hata ukasahau firigisi ya nani?"

"Sikusahau. Ni ya mwenye nyumba. Wewe ni mgeni wangu, nimekupa paja."

Kisha yule mzee wa mzaha akasema, "Kakukamata. Mbona kwako Amerat mwaka jana mimi mgeni wako hukunipa?"

"Nyamaza ule," Sleyum alimjibu, lakini sauti yake haikuwa na hasira. "Ushaila, shemegi?"

"Bado. Nnangoja uniambie kama niile."

Nilimshika dada mkono. Ng'ambo ya pazia maji ya kunawa yakamiminwa, kwa utaratibu, mtu hana haraka. Nilisoma kila dua niliyokuwa naijua.

"Marehemu Bakhit alikuwa akiila kwa pilipili," Sleyum alisema mwishowe. "Ile, shemegi. Mtoto anaanza lini skuli?"

"Jumamosi, inshallah."

"Basi Idi ijayo ntakuja kumsikiliza anasoma. Na mniwekee paja."

Dada alifunua kibakuli, akaitia firigisi yote mdomoni, akatafuna huku machozi yanamtoka na mabega yanamtikisika kwa kicheko alichokizuia.

"Imekosa chumvi," aliniambia, akameza. "Wakishaondoka nitolee kile kitambaa cheupe. Nguo ya skuli tuikate leo."