Mtungi wa Kopa na Maji ya Kikambala

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, nami nimesimama mlangoni hapahapa Nkubu namtukana mtu aliyeniletea bahari. Ndiyo, bahari. Usicheke bado. Utacheka nikimaliza, au utanyamaza, maana mimi mwenyewe nikifika katikati ya hadithi hii hunyamaza.

Juzi uliniuliza, wewe uliyenunua tangi la kioo huko Meru mjini na taa zake za kisasa, kama maji ya bahari yenyewe yanafaa kubadilishia, au ununue chumvi ya pakiti uchanganye. Nikakuambia nitakujibu tukikaa. Basi keti. Chai iko kwenye chupa, jimiminie. Jibu lenyewe ni fupi, ila njia ya kulifikia ina kona, na magoti yangu siku hizi hayana haraka.

Nilikuwa na miaka kama thelathini, fundi wa redio pale sokoni. Kulikuwa na mwalimu mmoja mgeni aliyefuga samaki wa bahari nyumbani kwake, na pampu yake ikiharibika ananiletea mimi. Alipohama akaniachia kila kitu: tangi, mawe, samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, konokono kadhaa, na matumbawe. Ukiyaona matumbawe hai kwa mara ya kwanza utadhani ni maua. Si maua, ni wanyama, vijidudu laini vinavyoishi pamoja juu ya mwamba na kunyoosha vidole kutafuta riziki. Ukizima taa vinajikunja. Ukiwasha vinafunguka polepole, kama mtu anayeamka siku ya Jumapili.

Ningeliuza tangi lile, kama si mama. Nyanya yako, ambaye hukumkuta, alizaliwa Kikambala, ufuoni kabisa. Babu yako alimpata huko alipokuwa akipaka rangi mahoteli, akamleta huku kwenye kahawa na baridi. Alikaa miaka zaidi ya thelathini bila kunung'unika, ila mvua ya Aprili ikipiga mabati alikuwa akisema, "Sikia, maji yanajaa." Wakati huo ninaokuambia, moyo wake ulikuwa umechoka na daktari amemkataza safari. Naye alikuwa na ombi moja tu, alilolirudia taratibu, kama anayeomba maji ya kunywa: aione bahari ya kwao tena kabla hajafa. Kumpeleka sikuweza. Nikasema basi, bahari itakuja yenyewe.

Nikaliweka tangi sebuleni, mbele ya kiti chake. Ah, mwanangu, ungeiona sebule ile! Nuru ya buluu ilipanda ukutani ikawa inachezacheza juu ya kalenda ya kanisa na picha ya babu yako, mpaka mtu akiingia na viatu vya matope anasita, anahisi ameingia chini ya maji. Mama alikaa hapo tangu asubuhi na shuka magotini. Wakati mwingine alifumba macho akitabasamu, na ukimuuliza uko wapi, anakujibu, "Niko pwani. Niache." Mimi nami nikitoka sokoni jioni naliona dirisha la buluu katikati ya migomba na ukungu, nasimama tu pale njiani. Mtoto wa mlimani, nimesahau niko wapi.

Sasa, maji. Maji ya tangi huchafuka, kwa hiyo kila baada ya wiki mbili unatoa kidogo na kutia mapya. Pakiti za chumvi alizoniachia yule mwalimu zikaisha. Majirani hawakukosa ushauri. Mmoja akaniambia nitie chumvi ya ng'ombe, eti chumvi ni chumvi! Ndipo nikamkumbuka Mutwiri. Tulisoma darasa moja, na alikuwa dereva wa lori la ndizi: anapakia hapa Nkubu, anashusha Mombasa sokoni, anarudi na lori tupu. Nikamwambia asichote karibu na bandari wala mdomo wa mto, aende mbele mpaka Kikambala. Kama mvua imenyesha asichote kabisa. Angoje maji yajae, na asichote pale kwenye povu, aingie ndani mpaka mahali anapoona vidole vyake vya miguu.

"Fundi," akasema, "wenzangu hutumwa nazi. Mimi natumwa bahari?"

"Ni ya mama."

"Aa. Kama ni ya mama, sawa."

Hakuuliza neno lingine. Karibu mwaka mzima aliniletea mitungi mitatu ya plastiki kila safari. Mimi kazi yangu ilikuwa kuyachuja kwa kitambaa cheupe, kuyaacha gizani siku chache yatulie, kuyapima chumvi, kuyapasha joto yalingane na ya tangini, kisha kuyamimina polepole. Nilijiona mtaalamu, wacha wewe! Mama naye alikuwa na desturi yake. Kabla sijamimina, anachovya kidole na kulamba. "Ya kwetu," anasema, ndipo natia.

Safari moja mtungi mmoja ulipasuka. Mutwiri anapiga honi barabarani, ndizi zimeshapakiwa, nami sina mtungi wa tatu. Nikakimbia kwenye kibanda cha kahawa nyuma ya nyumba. Kahawa nilikuwa nimemwachia baba mdogo, Gitonga, miaka mingi. Mimi nilijiona mtu wa mjini, wa redio, sikujua hata jembe liko wapi. Nikaona mtungi mzuri, mzito, wenye mkono mnene. Nikauosha kwa sabuni na mchanga mara tatu, nikanusa, haukunuka kitu. Nikampa akaenda. Haraka haraka haina baraka, lakini nani humwambia hivyo mtu anayepigiwa honi?

Maji yaliporudi, mama akachovya kidole katika mtungi huo kama kawaida. Akakunja uso. "Hii si ya kwetu."

"Ni ileile, mama. Ulimi wako umechoka tu leo." Nikamimina yote.

Kesho yake konokono wote walikuwa chali. Siku ya pili matumbawe yakajikunja na taa inawaka. Siku ya tatu yakawa ute mweupe, na sebule ikanuka kama soko la samaki lililofungwa bila kufagiliwa. Samaki peke yao walibaki, wanahema tu. Mama alilitazama tangi, akasema, "Maji yamekupwa, mwanangu." Akageuza kiti kikaelekea ukutani. Siku ile hakula, na kesho yake alikunywa chai nusu kikombe. Nikaogopa. Nilijua kwamba kilichokuwa kinamshikilia duniani ni lile tangi, na sasa tangi lilikuwa kaburi.

Mwenye hofu hutafuta wa kumlaumu. Mimi sikutafuta mbali. Si mama mwenyewe amesema si ya kwetu? Mutwiri alipokuja kuchukua mitungi, asubuhi ile ya ukungu, sikumpa hata salamu. Nikamwambia amechoka kwenda Kikambala, amechota kwenye mtaro nyuma ya soko. Nikamwambia mvivu. Nikamwambia, "Mama akifa, ujue ni wewe."

Wanawake waliokuwa wakienda sokoni walisimama barabarani wakasikia yote. Mutwiri alinitazama kama mtu anayesoma barua mara mbili. Akasema, "Sawa, Fundi." Akaingia kwenye ukungu, na baadaye nikasikia lori likishuka kilima.

Wiki mbili zikapita bila maji na bila Mutwiri. Mama akazidi kuwa mwepesi, nikimwinua ni kama naokota nguo. Kisha siku moja baba mdogo Gitonga akaingia na gambuti zake za mpira, amekasirika, maana mvua zilikuwa zinakaribia na kahawa haijapigwa dawa.

"Nani amechukua mtungi wangu wa kopa?"

"Kopa gani, baba?"

"Dawa ya kahawa! Ile ya buluu. Mtungi wenye mkono mnene." Akazungusha macho, akauona chini ya tangi. "Ala! Huu unafanya nini sebuleni?"

Nikamwambia niliuosha vizuri. Akacheka kicheko cha mkulima anayemcheka mtu wa mjini. Akaupindua mtungi, akaugongagonga mkono wake sakafuni, na kutoka katika uwazi wa ule mkono, mahali ambapo sabuni na mchanga haviwezi kufika, yakadondoka magamba madogo ya buluu. Buluu nzuri, mwanangu, kama ile nuru ya ukutani.

"Hii huua ugonjwa wa kutu kwenye majani ya kahawa," akasema. "Hivyo vidudu vyako vina nguvu gani?"

Kila mtu anayelima kahawa hapa Meru, na kule Embu pia, anajua mtungi wa kopa haurudi jikoni. Hata watoto wanajua. Mimi nilikulia ndani ya kahawa hiyohiyo nikaidharau, na dharau yangu ikanifuata mpaka sebuleni. Nyani haoni kundule.

Mama alikuwa amesikia yote. Akanyoosha mkono nimgeuzie kiti, akanitazama usoni.

"Nilisema maji si ya kwetu. Nilisema Mutwiri ni mwongo?"

"Hapana, mama."

"Mwaka mzima umepima chumvi ya maji. Ulimi wako ulipimwa na nani?"

Niliinama nikaokota yale magamba ya buluu.

"Nenda kwake," akasema. "Usiende mikono mitupu, na usiende na maneno mengi."

Nikapewa kibuyu cha ucuru, uji wetu uliochachuka, ule ambao watu waliokosana hunywa pamoja wakipatana. Nikapanda kilima kwa miguu. Mutwiri alikuwa amelala baada ya safari, na mke wake, Karimi, alikuwa uani akichambua maharagwe. Alinijibu salamu kwa shida. Nikasimama pale kama mlinzi asiye na geti, macho hayajui pa kukaa, mpaka yakaangukia kamba iliyotundikwa ukutani. Kamba ndefu ya kufungia ndizi, lakini imekuwa nyeupe kama iliyopakwa chokaa.

"Hiyo kamba imepakwa nini?" nikauliza, nipate tu la kusema.

"Si chumvi yako?" Karimi akasema bila kuinua kichwa. "Huyu hajui kuogelea, Fundi. Bahari anaiogopa kuliko ndovu. Kila safari anafunga upande mmoja kwenye mnazi, upande mwingine kiunoni, anasali Baba Yetu mara mbili, ndipo anaingia mpaka kifuani. Mara tatu, maana mitungi ni mitatu. Nilimwambia achote pale pembeni, nani atajua? Akaniambia mama atajua."

Nilikaa chini, mwanangu. Chini kabisa, juu ya maganda ya maharagwe. Nililia, na sioni haya kukuambia. Mwaka mzima nilijua maji yale yana chumvi kiasi gani na joto kiasi gani, na sikuwahi kuuliza yule aliyeyaleta aliingia mpaka wapi.

Mutwiri akatoka akipangusa macho. Nikamnyooshea kibuyu kwa mikono miwili. "Ulikuwa mtungi wangu," nikasema. "Wa kahawa. Nisamehe." Nilikuwa nimepanga mengine mengi njiani, yote yakapotea.

Akakipokea kibuyu. Akanywa, akanirudishia nikanywa. Kisha akauliza jambo moja tu. "Mama anaendeleaje?"

Tulianza upya. Mawe na mchanga nilivitupa vyote, maana kopa hunywewa na mawe na kukaa humo. Vioo nikavisugua, samaki wakingoja kwenye beseni. Nikanunua mitungi mitatu mipya, ambayo haijawahi kujua kitu kingine ila maji. Safari ile nilikwenda naye. Nilishika ile kamba mwenyewe, nimesimama mchangani, nikamwona rafiki yangu wa mlimani akitembea ndani ya bahari midomo ikicheza kwa sala. Tulirudi na maji, mawe mapya, na tumbawe moja dogo, la ukubwa wa ngumi ya mtoto, tulilolipata kwa muuza samaki wa mapambo.

Mama akachovya kidole. Akakilamba, akafumba macho. "Ya kwetu," akasema, akamshika Mutwiri mkono, hakumwachia mpaka chai ikapoa. Asubuhi ya nne tumbawe likafungua vidole vyake vyote. Mama alikaa mbele yake miezi mingine mitano. Aliondoka mvua ya Aprili ikipiga mabati, tumekaa naye mimi na Mutwiri, na ile buluu inacheza ukutani. Hatukuhitaji aseme kitu. Tuliyasikia maji yakijaa.

Sasa jibu lako. Ndiyo, maji ya bahari yenyewe yanafaa, tena yanafaa sana. Lakini jua yametoka wapi, yachuje, yapime, utie kidogo kidogo. Usimpe mtu mtungi ambao hujui historia yake, na mkulima akikuambia mtungi huu hapana, msikilize, hata kama una simu inayojua kila kitu. Na siku kitu chako kikifa mkononi, kwa maana kitakufa, kabla hujafungua mdomo kwa aliyekuletea, nenda kagonge mkono wa mtungi wako mwenyewe uone kinachodondoka. Kisha muulize aliyekuletea aliingia mpaka wapi kwa ajili yako. Muulize angali hai.

Mungu akupe nyumba yenye nuru, mwanangu. Akupe rafiki anayeogopa bahari na bado anaingia, nawe akupe mikono ya kushika kamba yake. Mutwiri anapakia ndizi kesho. Amezeeka, lakini nikimtaja mama bado haulizi neno la pili. Mitungi iko pale nyuma ya mlango, mipya. Ichukue, uende naye.